Vioo vidogo na volti chache

SWALI: Ninatengeneza projekta za vibanda vya video hapa Mwanga, Kigoma. Vile vioo vidogo vya ndani hubuniwaje ili vicheze kwa volti chache?

JIBU: Ndugu fundi, kioo hicho, ambacho ni chembamba kuliko unywele, huvutwa na chaji za bamba lililo chini yake, na mvuto huo hukua kwa mraba wa volti. Mbunifu aweza kupunguza nafasi iliyo kati ya kioo na bamba, lakini kioo kitakosa pa kuinamia. Ndiyo maana mimi ningeanza na springi inayokishikilia kioo na kukirudisha, kwani unene wake ukipunguzwa kwa nusu, ugumu wa kupinda hushuka hadi sehemu moja ya nane, hivyo volti chache hutosha kukiinamisha kioo. Tahadhari: springi iliyolegea mno hukifanya kioo kichelewe kurudi, au kinate chini kabisa.