Jifunze Kiholanzi kwa Kufuata Msimu wa Vyakula

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu kujifunza Kiholanzi huwa tayari wanahudhuria darasa na wana programu kwenye simu, lakini wanalalamikia jambo lile lile nililolikuta nilipohamia Rotterdam: ukisitasita kidogo tu, Mholanzi hukujibu kwa Kiingereza, tena kwa nia njema kabisa, na somo huishia hapo. Ninachowashauri ni kufuata kalenda ya vyakula na sikukuu, kwani kila msimu una mazungumzo yake mafupi ambayo watu huyarudia kwa maneno yale yale, na aliyejiandaa hana sababu ya kusitasita.

Kuanzia Juni, kwa mfano, huuzwa heringi wapya waitwao Hollandse Nieuwe. Usinunue supamaketi, ambako utalipa kwenye mashine bila kutamka neno, nenda kibandani. Muuzaji humsafisha samaki mbele yako, na kisu kikiwa bado mkononi hukuuliza "Met uitjes?", yaani kama akuwekee vitunguu vilivyokatwakatwa, kisha huuliza kama utamla pale pale. Ukijibu haraka "Ja, graag", yaani "Ndiyo, tafadhali", hatakuwa na haja ya kubadili lugha.

Wakati wa baridi mazungumzo huhamia kwenye stamppot, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na mboga za majani, na supu nzito ya njegere kavu. Waislamu waulize kwanza, maana soseji inayoandamana navyo kwa kawaida ni ya nguruwe, ingawa ya halali hupatikana katika mabucha ya Waturuki na Wamoroko.

Msimu wenye faida kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa Sinterklaas, au Sint kwa kifupi, yaani Mtakatifu Nikolasi anayeaminiwa kuwaletea watoto zawadi, unaofikia kilele jioni ya tarehe 5 Desemba. Najua Mwafrika hawezi kuutaja bila kumkumbuka Zwarte Piet, msaidizi aliyeigizwa na watu waliojipaka rangi nyeusi usoni. Baada ya miaka ya maandamano, mapokezi ya kitaifa ya Sinterklaas yanayorushwa na televisheni yalimwacha mwaka 2019, na sasa wasaidizi wanaoonekana humo huwa na madoa ya masizi tu. Kinachotuhusu hapa ni mashairi. Watu wazima huokota vikaratasi vyenye majina yao, kila mmoja humnunulia aliyemwangukia zawadi ndogo na kumwandikia shairi la utani kwa jina la Sint, na mpokeaji sharti alisome kwa sauti kabla ya kufungua zawadi. Sisi tuliolelewa na vina na mizani tuna mtaji hapo, hata kama msamiati wetu ni mdogo, kwa sababu beti za Sint hufuata kina chepesi cha mistari miwili miwili. Mwombe mwenzako wa kazini akusahihishie rasimu. Hakuna zoezi la sarufi lililonifunza zaidi ya hilo.

Mwishoni mwa Desemba hufuata oliebollen, ambazo ni kama kalimati kubwa zenye zabibu kavu, na foleni yake ni mahali pazuri pa kusikiliza walio mbele wanavyoagiza.

Tarakimu zifanyie mazoezi Koningsdag, yaani Siku ya Mfalme, tarehe 27 Aprili, watu wanapouza vitu vyao vya zamani barabarani. Kiholanzi hutanguliza mamoja kabla ya makumi, kwa hiyo 25 hutajwa "tano na ishirini", na bei huponyoka sikioni kwa urahisi. Anzeni na watoto wanaouza midoli yao kwenye mikeka: wadogo hawajajua Kiingereza, na hawapunguzi bei mpaka uzungumze nao.