Jaketi la kupanda nalo Margherita: usinunue unene

Dada yangu wa Mwanza, nimelisoma swali lako. Unakuja Uganda Januari, unataka kupanda Rwenzori kwa njia ya Nyakalengija hadi kilele cha Margherita, na dukani Kampala wamekuonyesha majaketi mawili. Moja ni nene, la manyoya ya bata. Jingine ni softisheli, jembamba, lina utando wa kuzuia upepo na pamba kidogo ndani. Mwenzetu mmoja ameshakujibu uchukue lililo nene kwa sababu huko juu ni baridi kali.

Naomba nimpinge kwa heshima. Mimi ni fundi cherehani hapa Kasese, zamani nilibeba mizigo ya wapandaji, na majaketi mengi yanayorudi kutoka mlimani yakiwa yamechanika au zipu zimekufa hupitia mezani kwangu. Chukua softisheli. Ila si kila softisheli, wala usilitegemee peke yake.

Baridi ya Rwenzori ina tabia yake. Kasese tuko chini ya mita 1,000 kidogo, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu. Siku ambayo sisi huku tunatokwa jasho kwenye nyuzi 30, Margherita, kwenye mita 5,109, ni kama nyuzi 3 mchana. Usiku hushuka chini ya sifuri. Mtu anaweza kuvumilia nyuzi hizo akiwa mkavu. Shida ni kwamba hutakuwa mkavu. Mvua ya huku hainyeshi kwa kalenda, hata Januari tunayoiita kiangazi utaikuta. Halafu kuna upepo: kwenye nyuzi sifuri, upepo wa kilomita 40 kwa saa mwili unausikia kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Hapo bado hujalowa.

Majaketi haya yalibuniwa kwa ajili ya watu wa Alps na milima mingine ya ng'ambo, wanaoteleza kwa skii na kupanda kuta za barafu majira ya baridi. Kule theluji ni kavu, ikikuangukia unaikung'uta unaendelea. Ndiyo maana wenzetu wa Ulaya wanasema softisheli linatosha kutwa nzima, na kwao wanasema kweli. Huku kwetu inaanza mvua, inageuka theluji yenye maji, inarudi tena mvua. Ligeuze softisheli ndani nje uangalie mishono yake: mengi hayana utepe wa kuziba mshono. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Kwa hiyo koti la mvua, lile lenye mishono iliyozibwa kwa utepe, liwe kwenye begi lako siku zote, na liwe pana kiasi cha kuvaliwa juu ya softisheli.

Sasa la manyoya ya bata. Yakiwa makavu, hakuna kitu kinachotia joto kama hayo kwa uzito ule ule. Yakilowa yanagandana na joto linakwisha. Na si lazima uloweshwe na mvua, jasho lako linatosha. Kutoka kambi ya John Matte kwenda kambi ya Bujuku unapita vinamasi vya Bigo ukiwa na gambuti miguuni, unaruka kutoka kichuguu kimoja cha nyasi hadi kingine pale pasipo na ubao, na mgongo unalowa hata kama mvua haijaanguka. Ukiwa na hela ya majaketi yote mawili, la manyoya lifunge kwenye mfuko wa plastiki, ulivae ukishafika kambini tu. Pale Elena, kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,541, utalishukuru usiku.

Kuhusu pamba ya ndani naomba nikae kidogo, maana watu wengi hawaioni kabla ya kununua. Mteja mmoja aliniletea jaketi nene akilalamika kuwa mikono haina joto. Nilipofumua mshono wa mkono mmoja, pamba yote ilikuwa imeteremka hadi kwenye kiwiko, imejikusanya donge gumu, na begani palibaki vitambaa viwili vitupu vinagusana. Lilikuwa limeshonwa kwa mistari iliyoachana sana, pamba haikuwa na cha kuishika, na kamba za begi zilikuwa zikiikandamiza kila siku. Wewe tafuta pamba ya kutengenezwa kiwandani, kama Primaloft, iliyo tandiko moja jembamba. Gramu 60 kwa mita ya mraba kifuani zinatosha kwa kutembea, mikononi hata 40. Libane jaketi kwa vidole viwili uanze begani ukishuka mkono mzima: ukikuta mahali vidole vinakutana na pengine kuna donge, liache. Mengine badala ya pamba yana flisi laini iliyogandishwa nyuma ya kitambaa. Hayo nayo ni mazuri, na hukauka upesi.

Utando wa upepo nao una gharama yake. Ukizunguka jaketi lote, upepo haupiti kabisa, lakini na jasho hutoka polepole. Kwa mlima wetu mimi napenda lile lenye utando kifuani, mabegani na mikononi kwa mbele, halafu kwapani na mgongoni kuna kitambaa cha kawaida kinachovutika. Mgongo si unafunikwa na begi? Ukikuta lenye utando kote, basi liwe na zipu za kwapani. Kulipima ni rahisi: weka kitambaa mdomoni, puliza kwa nguvu, kiganja kikiwa upande wa pili. Pasipo na utando utasikia pumzi mkononi.

Usidharau mitumba, sisi huku tunaiita mivumba. Kwenye soko la Owino pale Kampala yanatoka majaketi yaliyovaliwa msimu mmoja tu Ulaya. Nenda asubuhi, uwe na chupa ya maji. Mwagia matone begani: yakisimama na kuteleza, dawa ya kufukuza maji bado ipo, yakizama, imekwisha, lakini hilo hutengenezeka. Lisilotengenezeka ni utando uliobanduka. Ligeuze, pitisha kiganja ndani kwenye shingo na mabega. Ukiona malengelenge, au vipande vinavyometa vinadondoka kama magamba, usilinunue hata kwa bei ya bure. Hakuna fundi wa kurudisha hiyo, mimi nikiwemo.

Zipu iwe ya plastiki yenye meno makubwa, na nyuma yake kuwe na ukanda wa kitambaa, la sivyo upepo utaingia pale pale kifuani. Funga kamba fupi kwenye kila kishikizo cha zipu, kwa sababu mtaondoka Elena saa nane au tisa usiku mkiwa na glavu nene na vidole havitakamata kile kibati kidogo. Kofia ipite juu ya helmeti. Mifuko iwe juu, kwenye mbavu, kwani kule kwenye barafu ya mlima Stanley, ambao Margherita ni kilele chake, utavaa mkanda wa kupandia na mifuko ya chini itazibwa. Unapolijaribu inua mikono yote miwili kama unayeshika mwamba: tumbo likionekana, ni fupi. Na ulijaribu ukiwa na fulana na sweta ulivyokusudia kuvaa ndani.

Likichanika, usikubali fundi apige mashono juu ya utando, hasa begani. Abandike kiraka cha gundi kwa ndani na kwa nje.

Kufua: sabuni ya maji kidogo, usitie kabisa ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba kitambaa na kuua ile dawa ya kufukuza maji. Suuza mara mbili, anika kivulini. Likikauka, soma kwanza lebo. Kama inaruhusu pasi, weka kitambaa cha pamba juu yake upitishe pasi ya umeme iliyo kwenye moto mdogo, maji yataanza tena kuteleza. Pasi ya mkaa usiiguse, moto wake hauna kipimo na utando huyeyuka.