Mtaro umeziba, maji yanaingia ndani, manispaa wanakuzungusha

Pole sana ndugu, maji ya barabarani kuingia hadi sebuleni halafu mtaa wanakutuma manispaa na manispaa wanakurudisha mtaani, inauma kwakweli. Kwanza jua barabara ni ya nani, maana hapo ndo wanapokuzungushia. Kwa Tanzania barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (wakala wa barabara wa taifa), za mitaani na wilaya ni TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017, na mtaro wa barabara kawaida unaenda na mwenye barabara, ila takataka zilizoziba ni za halmashauri, so andikia wote wawili.

Usiishie kupiga simu. Andika barua, ambatanisha picha zenye tarehe, majirani wasaini, ipitie kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa diwani, na kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa, hiyo muhuri ndo silaha yako.

Usielekeze maji kwa jirani, utashtakiwa wewe. Maji yakikaribia soketi usiguse kitu, toeni watoto kwanza. Ukitaka fidia muone wakili mapema, kuishtaki halmashauri lazima utoe notisi ya siku 90.