Straipa wa majira ya joto Mto Merrimack: fuata maji baridi

Kila Julai ikifika wenzangu hapa Lowell, jimbo la Massachusetts huku Marekani, wanauliza swali lilelile, mbona Mei na Juni straipa (samaki mwenye mistari, Kiingereza striped bass) walikuwa wanakula chambo hadi mchana na sasa mtu anashinda kule Haverhill kutwa nzima harudi na kitu. Samaki hawajaisha jamani. Wamefuata maji baridi, basi.

Huyu samaki ni wa kuhama, wengi wanazaliwa kusini kwenye mito ya Chesapeake na Hudson, masika wanapanda hadi huku New England kufuata chakula halafu Oktoba wanageuza. Mto wetu wanaupanda mpaka Lawrence, pale bwawa la mawe linawazuia. Shida ni kwamba Agosti maji ya huku juu yanaweza kupita nyuzi 24 za Selsiasi, na straipa raha yake ni kati ya 13 na 20 hivi, yakipita 21 anaanza kuteseka maana maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi. Ndo maana wale wakubwa wanateremka hadi mlangoni mwa mto, Newburyport na Plum Island, bahari inapoingia.

Sasa hapa ndo sisi tuliotoka pwani ya Mombasa tuna faida, maana mambo ya kupwa na kujaa tumekua nayo. Maji yakipwa mto unashusha maji yake yaliyochomwa na jua, yakijaa bahari inaingiza yake baridi pamoja na vidagaa. Kwa hiyo mimi Agosti navua maji ya kujaa, na navua usiku au alfajiri. Lakini saa za kwetu usizilete huku! Mombasa bamvua (zile siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa sana) maji yanajaa mida ya saa kumi, huku bamvua yanajaa saa sita saba mchana na saa sita saba usiku, so ukidamka na bamvua unakuta maji yameshatoka yote na tope limebaki wazi kule Joppa Flats. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu na maji hayapandi sana, ndo yanajaa kuelekea asubuhi, mkondo hauna nguvu sana ni kweli, ila baridi ya usiku na maji ya bahari vinakutana wakati mmoja, na mimi hizo ndo siku naziwekea alamu. Zinarudi kila baada ya wiki mbili hivi.

Ukifika usirushe tu ndoana. Mimi nina kipimajoto kidogo nimekifunga kamba, nakitumbukiza kwanza. Halafu angalia maji yanapokutana, ya mto yana rangi ya chai ya strungi na ya bahari ni ya kijani, katikati kuna mstari wa povu na majani makavu unaelea. Rusha upande wa kijani, acha mkondo uvute chambo taratibu mpaka kivuke ule mstari. Kipande cha kibua kinatosha, au mkunga mzima kama unavua usiku.

Mvua kubwa ikinyesha pumzika siku mbili tatu, kwa sababu mifereji ya miji ya juu kuanzia Manchester hadi Haverhill huwa inafurika na maji machafu yanaingia mtoni. Na upepo wa mashariki ukikutana na maji yanayopwa pale mlangoni mawimbi yanasimama ghafla, mwenye boti ndogo asithubutu kabisa, na wa kwenye jeti (ule ukuta wa mawe unaoingia baharini) awe macho maana mwani unateleza vibaya.

Jambo ambalo naliomba kwa moyo wote ni hili la kumrudisha samaki. Sheria ya Massachusetts tangu 2023 ni samaki mmoja kwa siku, inchi 28 hadi chini ya 31, so wengi utakaowashika lazima warudi majini, na kwenye maji ya moto samaki aliyepiganishwa muda mrefu anaondoka akiogelea halafu anakufa mbele huko hujui. Tumia mshipi wenye nguvu umalize haraka, ndoana ya duara (kwa chambo halisi ni lazima kisheria), mtoe ndoana akiwa bado majini na picha achana nayo. Mshike akielekea mkondo mpaka apige mkia mwenyewe. Kipimajoto kikisoma zaidi ya 21 mimi nafunga vitu vyangu naenda nyumbani, kwani kule Maryland, upande wa Chesapeake wanakozaliwa, tangu 2019 samaki wachanga wanaopatikana kwenye uchunguzi wa kila mwaka ni wachache mno, na hawa wakubwa tunaowashika huku ndo wazazi.

Na kibali cha kuvua baharini kata kabla hujatoka nyumbani, ni kwa kila mwenye miaka 16 kwenda juu, wazee wa 60 wanapewa bure lakini nao lazima wawe nacho mfukoni.