Michoro ya Kolo: kibali kwanza, mlima baadaye

Unauliza kama unaweza kwenda mwenyewe kuona michoro ya kale ya miambani Kolo? Hapana, usipitilize moja kwa moja hadi kwenye miamba. Kibali na mwongozaji vinapatikana ofisi ya Mambo ya Kale palepale kijijini Kolo, kando ya barabara kuu ya Dodoma–Babati, kilomita 25 hivi kaskazini ya Kondoa mjini. Eneo lote ni Urithi wa Dunia tangu 2006, na vituo vya michoro vimetawanyika vilimani. Bila mwongozaji utazunguka vichakani tu.

Kama una nusu siku, omba kupelekwa Mungomi wa Kolo, vituo vitatu vya michoro vyenye namba B1, B2 na B3. Hadi Kolo ni lami, ila kutoka hapo ni kama kilomita 9 za vumbi na mawe, kisha mnapanda kwa miguu. Gari dogo linaweza kugoma, na masika ndiyo kabisa. Vaa viatu vyenye meno, beba maji ya kunywa.

Ya kunywa, nasema, siyo ya kumwagia mwamba ili rangi "itoke" kwenye picha. Maji yakikauka huacha chumvi juu ya mchoro, na unazidi kufifia. Tochi haihitajiki sana: haya si mapango ya kuingia ndani, ni miamba iliyoinama kama baraza. Michoro myekundu kwa kawaida ndiyo ya zamani zaidi, myeupe imefuata.

Ukikuta watu kwenye tambiko, msubiri mwongozaji aongee nao kabla hujatoa simu. Wenyeji bado wanapatumia.