Kigari cha mtindo wa Lotus Seven, Malindi: kuagiza au kuunda?

Kaka, nimekupata: unataka kigari chepesi chenye magurudumu yaliyo nje ya bodi, mfano wa Lotus Seven, kigari cha michezo cha Uingereza cha 1957, na umekwama kati ya kuagiza vipande vya kuunganisha vya Caterham, kampuni inayoendelea kuunda Seven, kutoka Uingereza na kumpa fundi wa hapa Malindi akuundie.

Kabla hujatuma hata shilingi, waulize NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) na KEBS (shirika la viwango) kwa maandishi gari la kuunganisha litasajiliwa vipi. Bila namba litabaki pambo la uani.

Mimi ningeagiza. Mafundi wetu ni hodari, lakini fremu ya mabomba membamba ndiyo inayobeba kila kitu. Kiungo kikiachia kwenye kona, huna paa wala mlango wa maana. Ukishikilia kuunda, injinia wa magari akague viungo kabla ya rangi.

Adui mwenyewe ni chumvi. Alumini inapogusa chuma, unga mweupe huanza kwenye ribiti. Tenganisha kwa mpira, na uoshe kwa maji ya mfereji, si ya kisima.

Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, nayo iko chini mno. Ikinge kwa bamba, maana matuta ya njia ya Mombasa hayana huruma.