Kutoka gereji hadi shahada ya uhandisi: kwa mafundi wa Tanga wanaoanza

Mafundi wengi wanaotoka karakana kwenda kusomea uhandisi hukwamia sehemu tatu: Hisabati, Fizikia, na majina yasiyolingana kwenye vyeti. Mikono haina shida. Kijana aliyekaa miaka miwili kwenye gereji ya Ngamiani, au aliyezoea kubadilisha beringi za korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kwenye shamba la mkonge, anaijua mashine kuliko wengi atakaokaa nao darasani. Anachokosa ni namna ya kuyaandika anayoyajua kwa tarakimu, na hilo linajifunzika akiwa bado kazini.

Kwanza ngazi zenyewe, maana vijiweni zinachanganywa sana. VETA inatoa ngazi ya I, II na III, zinazoandikwa NVA kwenye cheti. Vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, vina ngazi zao, NTA: ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 astashahada, na ya 6 ni stashahada, yaani diploma. Shahada ya kwanza ni NTA 8. Kwa kuwa zote zina namba, mtu akiwa na NVA III hudhani yuko karibu na chuo kikuu. Anayekuambia kwamba ukimaliza ngazi ya III unaomba shahada moja kwa moja anakupotosha. Unaomba stashahada, miaka 3, ndipo shahada, ambayo kwa uhandisi kwa kawaida ni miaka 4.

Sharti la chini la TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa anayeingia shahada kwa njia ya stashahada ni GPA (wastani wa pointi zako za chuo) ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne kuanzia D. Aliyefaulu pungufu ya manne anaweza kuziba pengo hilo kwa cheti cha NVA III, na hapo ndipo miaka yako ya VETA inapolipa. Lakini hicho ni kiwango cha chini tu. Kila chuo huongeza masharti yake kwa kila kozi, kwa hiyo fungua mwongozo wa TCU wa mwaka husika, usome mstari wa kozi unayoitaka, neno kwa neno. Ukitaka kuchagua chuo badala ya chuo kukuchagua wewe, lenga 3.5.

Fundi aliyejifunzia kazini bila kupita chuoni asivunjike moyo. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa kazi unayoifanya, unapewa cheti. Ila angalia ni cha ngazi gani kabla ya kupanga safari nzima juu yake.

Sasa kidato cha nne. Ukiwa na F ya Hisabati au Fizikia, rudia. Daraja D linaanzia alama 30, C inaanzia 45. Mtahiniwa wa kujitegemea halazimiki kurudia masomo yote. Chukua mawili au matatu uyasome vizuri. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka na anayechelewa hulipa faini, wakati mtihani ni Novemba. Ukianza kutafuta kituo mwezi wa sita, mwaka huo umekupita. Aliyeishia darasa la saba aanze na mtihani wa maarifa, QT, halafu ndipo kidato cha nne. Ni njia ndefu, lakini ipo.

Njia rahisi ya kuisoma Hisabati ukiwa gereji ni kuitoa kwenye kazi iliyo mezani. Nunua kaunta buku moja. Kila kazi yenye kipimo, fanya hesabu yake. Chukua injini ya Toyota 3S, ambayo imejaa mitaani. Kipenyo cha silinda ni milimita 86, mwendo wa pistoni ni milimita 86. Geuza kwanza ziwe sentimita 8.6. Eneo la uso wa pistoni ni 3.1416 mara 8.6 mara 8.6, gawa kwa 4: unapata sentimita za mraba 58.09. Zidisha kwa mwendo, 8.6, unapata sisi (cc, yaani sentimita za ujazo) 499.6 kwa silinda moja. Mara silinda nne ni 1,998. Ndiyo hiyo "sisi elfu mbili" inayotajwa kila siku. Wanafunzi wengi hukosea kwenye vizio: wanazidisha wakiwa na milimita, kisha wanagawa jibu kwa 10. Milimita za ujazo zinazojaza sentimita moja ya ujazo ni 1,000.

Endelea na injini hiyohiyo. Tuseme kompresheni yake ni 9.5 kwa 1. Maana yake nafasi inayobaki juu ya pistoni ikiwa imefika mwisho wa kupanda ni 499.6 gawa kwa 8.5, sawa na sisi 58.8. Kwa nini 8.5? Kwa sababu ile 9.5 inahesabu mwendo wa pistoni pamoja na nafasi yenyewe. Hedi ikiwa imepinda ikapelekwa kusawazishwa kwa mashine, ikakatwa milimita 0.2, umeondoa takriban sisi 1.2, ukichukulia kwamba mdomo wa chemba unalingana na silinda. Zimebaki 57.6. Kokotoa upya: 499.6 gawa kwa 57.6, jumlisha 1, unapata karibu 9.7. Mara moja haina neno. Hedi iliyokatwa mara tatu ndiyo inayoleta gari linalogonga likipanda mlima, na valvu zinazidi kuisogelea pistoni. Fundi wa kawaida anajua kwamba hedi ikikatwa sana inaleta shida. Mwenye kaunta buku anaweza kusema ni kiasi gani. Tofauti hiyo ndiyo inayotafutwa chuoni.

Fizikia nayo iko kwenye spana. Kitabu kikitaka bolti ikazwe kwa Nm 80 (nyutoni-mita: nguvu mara urefu wa mkono), na mkono wa spana una sentimita 40, unahitaji kusukuma kwa nguvu ya nyutoni 200, karibu uzito wa kilo 20. Ukichomeka bomba ukaufanya mkono uwe sentimita 80 na ukasukuma vilevile, umeweka Nm 160. Bolti inavutika, uzi unakwisha, na anayelaumiwa ni aliyeuza bolti.

Kwa mliotokea ufita, kazi ya kuunga na kulinganisha vipande vya mashine, silaha yenu ni michoro na vipimo. Shafti ya milimita 25 inayotakiwa kuteleza ndani ya bushi mara nyingi huandikwa H7/g6: H7 ni ya tundu, g6 ni ya shafti. Tundu linaruhusiwa kuwa kati ya 25.000 na 25.021, shafti kati ya 24.980 na 24.993. Uwazi mdogo kabisa ni milimita 0.007, mkubwa ni 0.041. Venia ya kawaida, inayosoma 0.02, haitoshi kuthibitisha hapo, shika maikromita. Anayeingia stashahada akiwa tayari anausoma mchoro wa namna hiyo anaokoa muda mwingi.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi: masomo na mitihani ni kwa Kiingereza. Kila jioni andika kadi ya kazi kwa Kiingereza, sentensi nne: mteja alilalamikia nini, ulikuta nini, ulipima nini, ulifanya nini. Mtu akusahihishie. Baada ya mwaka utaweza kuandika ripoti ya maabara bila kunakili ya mwenzako.

Ukishaingia stashahada, fahamu GPA inavyopatikana, kwa sababu mafundi wengi huiharibu bila kujua. Kwenye NTA 6, A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3 na C ina 2. Pointi huzidishwa kwa kredit za moduli, zikajumlishwa, zikagawanywa kwa jumla ya kredit. Chukua mfano wa moduli tatu: Hisabati ya kredit 12 umepata C, karakana ya kredit 9 umepata B+, na michoro ya kredit 9 umepata B. Hiyo ni 24, 36 na 27, jumla 87. Gawa kwa 30: 2.9. Umekosa sharti la chuo kikuu kwa nukta moja. Hisabati hiyohiyo ingekuwa B, jumla ingekuwa 99 na GPA 3.3. Fundi hupenda kung'ara karakana, anakojua kwamba atapata alama nzuri, akaiacha Hisabati ijiendee. Fanya kinyume. Karakana utafaulu hata ukiwa na usingizi.

Jambo jingine linaloangusha watu ni kibarua. Ukisoma DIT, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, simu za wateja zitakufuata hadi Dar es Salaam, na hela ya gereji ni tamu kuliko jaribio la katikati ya muhula. Chukua kazi za Jumamosi tu, na uwaambie wateja hivyo mapema.

Mafunzo kwa vitendo yafanyie nyumbani ukiweza, kwa sababu Tanga ina mashine kubwa: kiwanda cha saruji cha Pongwe, bandari, viwanda vya mkonge vya Muheza na Korogwe. Peleka barua miezi kadhaa kabla, kwa mkono, na uombe nakala iliyogongwa muhuri. Ukipokelewa, usikimbilie kufungua bolti, hiyo unaiweza. Omba kukaa na anayepanga matengenezo: ratiba ya kubadilisha grisi inatoka wapi, kwa nini beringi fulani inabadilishwa kabla haijafa, stoo inajuaje ibaki na vipuri vingapi. Daftari la mafunzo lisainiwe kila wiki. Msimamizi akihamishwa na kurasa zako ziko tupu, hakuna wa kukusaidia.

Karatasi sasa. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha VETA na namba ya NIDA viwe na majina yaleyale, kwa mpangilio uleule. "Mohamedi" hapa na "Mohamed" kule ni watu wawili kwa kompyuta. Shughulikia tofauti hizo mwaka mmoja kabla ya kuomba, kwa mwanasheria na kwenye ofisi zilizotoa vyeti, si wiki ambayo dirisha linafungwa. Cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, kwa sababu Bodi ya Mikopo hukitaka hivyo. Mwenye stashahada anahitaji pia namba ya AVN, ya kuthibitisha stashahada yake, kutoka NACTVET ili aombe shahada, na namba hiyo haitoki mpaka chuo chako kiwe kimewasilisha matokeo yako. Nenda ofisi ya taaluma ukaulize, na uulize tena. Mwongozo wa mikopo una kikomo cha umri na cha miaka tangu umalize stashahada. Usome kabla hujaamua "kupumzika kidogo kazini".

Cheo cha mhandisi kinalindwa na sheria ya usajili wa wahandisi ya mwaka 1997. Ukimaliza shahada unasajiliwa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama mhandisi mhitimu, kisha unafanya kazi chini ya uangalizi kupitia mpango wa SEAP kwa miaka 3 kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Wenye stashahada nao wana daraja lao la usajili, la ufundi sanifu, kwa hiyo usingoje shahada ndipo uwajue ERB. Na ile kaunta buku usiitupe: ripoti za SEAP zinataka kazi ulizofanya zikiwa na vipimo, tarehe na sababu.